Kope za Ugogo: Nani Aliulizwa Kama Ameridhika?



Msimu wa harusi ukifika, maswali yanayoniingia huwa yale yale: hina, singo, liwa, wanja. Siku hizi limeongezeka la kope. Wapo mabibi harusi wanaouliza kuhusu kukata kope zilizolegea kabla ya siku ya kupambwa, kwa kuwa shangazi wa Dubai amefanya na amependeza. Nilikuwa na jibu langu la siku zote mpaka ilipokuja barua ya msomaji mmoja wa hapa Unguja, aliyechumbiwa na kijana wa Kintinku, wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Alipopelekwa kutambulishwa, alimkuta mama mkwe amefunga kibano kidogo cha chuma kwenye pindo la kanga. Kila baada ya muda mama anageuka pembeni, anang'oa unywele wa kope, anafuta machozi, anarudi kwenye mazungumzo kama hakuna kitu. Nesi ameshamwambia mara nyingi akafanyiwe operesheni. Hataki.

Bibi harusi akauliza mawili. Je, kung'oa kule si ile nams iliyolaaniwa? Na je, operesheni anayoikataa mama si ile ile ya Dubai, ya kubadilisha alichoumba Mwenyezi Mungu?

La kwanza nalijibu kwa mstari mmoja. Nams wanayoizungumza wanachuoni ni ya kunyofoa nywele za uso kwa ajili ya urembo, na wengi wao wanaiweka kwenye nyusi. Unywele unaochoma jicho ni maradhi, na kuutoa ni kujitibu. La pili lina historia ndefu, na katika historia hiyo Ugogo, Oman na hata Zanzibar zimo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kitaalamu unaitwa trakoma. Kwenye zahanati za bara utausikia kwa jina la vikope. Unaletwa na bakteria, na unahama kwa vidole, kwa kitambaa cha kufutia uso, kwa mashuka, na kwa nzi wanaotua kwenye tongotongo za watoto. Mtoto akiupata mara moja na akapona hakuna neno. Balaa ni kuupata tena na tena, mwaka hadi mwaka. Upande wa ndani wa kope ya juu unajaa makovu, kovu linakunjana kama ngozi iliyoanikwa juani, na ukingo wa kope unavutwa kuelekea ndani. Nywele zilizoumbwa kulinda jicho sasa zinalikwaruza. Kila ukipepesa, zinakwaruza. Ukilala, zinakwaruza. Kioo cha jicho kinapata vidonda, vidonda vinaacha ukungu mweupe, na ukungu huo ndio upofu wenyewe. Hautibiki kwa dawa wala kwa miwani.

Wanaoumia zaidi ni wanawake. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa na trakoma mpaka mara 4 zaidi ya wanaume, na sababu haihitaji elimu kubwa: mtoto mwenye macho machafu analala kifuani mwa nani, na anafutwa kwa kanga ya nani? Mama anaambukizwa na kila mtoto anayemzaa, kisha anaambukizwa na wajukuu.

Sasa Kintinku. Ukitoka Dodoma kwa reli ya kati kuelekea Tabora, unapita Bahi, unavuka tambarare iliyo chini ya Bonde la Ufa, unafika Kintinku kabla ya kupanda ukuta wa bonde kwenda Manyoni. Wajerumani waliifikisha reli hiyo Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Kabla yake palikuwa na misafara, na misafara hiyo watu wetu wanaijua, kwa kuwa wafanyabiashara wa Zanzibar na wapagazi wao walikuwa wakivuka Ugogo kwenda Unyanyembe na kulipa hongo kwa watemi wa Kigogo, hasa kwa sababu ya maji. Nchi ni kavu, na mwenye kisima ndiye mwenye bei. Mvua zikija, tambarare inajaa maji na watu wanalima mpunga. Zikikatika, mwanamke anatembea na ndoo.

Richard Burton, Mwingereza aliyepita Ugogo mwaka 1857, aliandika kuhusu nyuso za watu wa huko: ndewe za masikio zilizotobolewa na kutanuliwa, na meno 2 ya mbele ya chini yaliyong'olewa. Aliandika kwa dharau, kama kawaida yake. Lakini lipo jambo ambalo dharau haikumwonyesha. Yale yalikuwa mabadiliko ya uso yaliyofanywa na fundi wa kijiji, na walioamua kama yamependeza walikuwa wenyewe wenye nyuso na jamaa zao. Sisemi kwamba ni halali au si halali. Dini yetu ina kauli yake juu ya meno na Wagogo wa wakati ule hawakuwa wakiifuata. Ninasema tu kwamba hapakuwa na mtu wa nje aliyekuja na karatasi kuwaambia kama uso umefanikiwa.

Operesheni ya kope ni kongwe kuliko hospitali tunazozijua, na sehemu kubwa ya ukongwe wake umeandikwa kwa Kiarabu. Abul Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika Kitab al-Tasrif, kitabu cha sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji. Humo amezungumzia kope ambayo nywele zake zimegeukia jicho, na operesheni ya kuifupisha ambayo waganga wa macho waliiita tashmir, neno lile lile la kupandisha mkono wa kanzu unapotaka kutawadha. Ametaja njia 4: kuchoma kwa moto, kuchoma kwa dawa kali, kukata ngozi na kushona, na kubana ngozi iliyozidi kati ya vijiti 2 vya mwanzi mpaka ikauke na kuanguka yenyewe. Kwenye kukata, ngozi ya kuondolewa alitaka ichorwe kwanza kwa wino, kwa umbo la jani la mhadasi, nene katikati na nyembamba pembeni.

Mtu aliyekata kope Dubai akisoma hapo atashtuka. Umbo hilo la jani ndilo ambalo daktari wa urembo wa leo analichora kwa kalamu juu ya kope kabla ya kugusa kisu. Ngozi iliyozidi inatolewa, pengine na mafuta kidogo yaliyo chini yake, mshono unafichwa kwenye mkunjo, na jicho likifumbuka linaonekana kubwa na lenye usingizi wa kutosha. Kwa hiyo mkono ni mmoja. Nia ndiyo inayotenganisha, na nitalirudia hilo la nia baadaye kidogo.

Kabla ya hapo niwakumbushe kisa kimoja. Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za jahiliya. Akatengeneza pua ya fedha akaivaa, ikamnukia. Mtume ﷺ akamwamrisha atengeneze ya dhahabu. Kisa kimepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, na kwa kawaida kinasomeshwa kwa ajili ya hukumu ya dhahabu kwa wanaume wenye dharura. Mimi kila nikikisoma naona jambo jingine. Pua ya fedha ilikuwa pua. Fundi alimaliza kazi yake, na mtu wa mbali angesema imekaa vizuri. Aliyejua kwamba haikukaa vizuri alikuwa Arfaja peke yake, na malalamiko yake yalisikilizwa, yakawa ndiyo sababu ya kubadilishiwa. Hakuambiwa kwamba tayari ana pua, ashukuru.

Elimu ya kurekebisha nyuso ilipopamba moto tena, ilikuwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Harold Gillies alipokea mamia kwa mamia ya askari waliopasuliwa nyuso na mabomu. Mmoja wa wagonjwa wake wa mwanzo, baharia Walter Yeo, alikuwa amepoteza kope zake, za juu na za chini, na mwaka 1917 Gillies alimhamishia ngozi mpya kufunika eneo lote la macho. Inasimuliwa kwamba wodini vioo viliondolewa ili wagonjwa wasijione. Huruma, bila shaka, lakini fikirini maana yake: daktari anaruhusiwa kuutazama uso kila asubuhi, mwenye uso haruhusiwi.

Elimu hiyo ilifika kwetu kupitia mlima Kilimanjaro. Michael Wood, daktari wa upasuaji aliyekuwa akiishi Afrika Mashariki, pamoja na Archibald McIndoe, jamaa na mwanafunzi wa Gillies, na Mmarekani Tom Rees, walianzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo inajulikana kwa jina la AMREF. Rees kwa upande mmoja alikuwa akiwapasua matajiri wa New York waliotaka kuonekana vijana. Kwa upande wa pili alikuwa akiruka na ndege ndogo kwenda kushona midomo iliyopasuka na ngozi zilizoungua. Mikono ile ile, tena.

Lakini kwa kope za Ugogo, njia kubwa haikupita Kilimanjaro. Ilipita Mvumi na Muscat.

Mvumi ni hospitali ya Kanisa la Anglikana, si mbali na Dodoma. Kuanzia mwaka 1975, kwa muda wa miaka kama 10, alifanya kazi hapo daktari wa macho Mwingereza, Allen Foster. Ugogo ulimwonyesha trakoma ya kila aina. Na upande wa pili wa bahari, Oman nayo ilikuwa nayo. Wenye bibi zao huko wanajua: mabibi waliokuwa wakilia machozi yasiyo na huzuni, na vibano vyao. Madaktari wa Oman na wageni wao walifanya jaribio la kulinganisha mbinu za kupasua kope ya juu, wakawagawa wagonjwa kwa kura ili pasiwe na upendeleo, na matokeo makuu yakachapishwa mwaka 1992. Mwandishi wa kwanza ni Mark Reacher, na miongoni mwa wenzake limo jina la Abdallah Daar, daktari bingwa wa upasuaji ambaye baadaye aliandika kumbukumbu za maisha yake kuanzia Zanzibar hadi Oxford. Mtoto wa kwetu, kwa lugha nyingine.

Mbinu iliyoshinda ni ya kuikata kope kwa unene wake wote, ngozi na gegedu la ndani, milimita kama 3 juu ya ukingo, kisha ukingo wenye nywele ukageuzwa nje na kushikwa kwa nyuzi 3. Inafanywa kwa ganzi ya sindano, mgonjwa yu macho, na jicho moja halifiki nusu saa kwa mwenye mkono mzoefu. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani likatoa kitabu cha kuifundisha, kilichoandikwa na Reacher, Huber na yule Foster wa Mvumi. Hivyo mbinu iliyojaribiwa kwenye kope za mabibi wa Oman ikarudi Ugogo, na ikafundishwa kwa wauguzi na matabibu wasaidizi, kwa kuwa madaktari bingwa wa macho walikuwa wa kuhesabika na vijiji havikuwa vya kuhesabika. Tanzania wanaiita kwa upole: kusawazisha vikope.

Mpaka hapo ni historia ya ushindi. Sasa sikilizeni upande ambao vitabu vya ushindi huupita haraka.

Kongwa ni Ugogo huo huo, mashariki ya Dodoma. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakiongozwa na Sheila West, pamoja na wenzao Watanzania, wamekuwa wakifanya kazi katika vijiji vyake. Waliwafuatilia wanawake waliokwisha kuambiwa kwamba kope zao zimegeuka na kwamba operesheni ipo. Waliokwenda walikuwa wachache. Walio wengi walibaki nyumbani, na walipoulizwa sababu walitaja safari na gharama yake, hakuna wa kumwachia watoto na kazi, na tena kibano kipo, kinapunguza maumivu. Kwa mtu wa ofisini huo ni ujinga. Kwa mwanamke mwenye shamba la mpunga na watoto 5 ni hesabu, na wakati mwingine ni hesabu sahihi ya wiki hii, ingawa ni mbaya kwa miaka 10 ijayo.

Watafiti wa Kongwa walifanya pia jambo ambalo nalipenda sana. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2001 waliacha kidogo kupima jicho, wakapima siku. Wakawauliza wanawake wanachoweza na wasichoweza kufanya katika shughuli zao za kila siku. Wakakuta kwamba mwenye kope zilizogeuka, hata kama bado anaona, anashindwa na kazi zake karibu sawa na mtu aliyepungukiwa na nuru ya macho. Maumivu peke yake yalitosha kumlemaza. Wanawake walikuwa wakiyajua hayo tangu zamani, lakini mpaka hapo hayakuwa na namba.

Kwani kipimo kilichozoeleka kilikuwa kipi? Kuhesabu nywele. Mgonjwa anarudi baada ya miezi kadhaa, mpimaji anamulika kwa tochi na kioo cha kukuzia, anaangalia kama kuna unywele unaogusa jicho. Upo: imeshindikana. Haupo: imefaulu. Kwa kipimo hicho zilifanywa kazi kubwa na za manufaa. Ethiopia, mwaka 2016, yalitoka matokeo ya wagonjwa 1,000 waliogawanywa kwa kura kati ya ile mbinu ya kukata kope nzima na mbinu nyingine inayokata kwa ndani tu, bila kugusa ngozi ya nje. Baada ya mwaka mmoja, nywele zilikuwa zimerudi kwa asilimia 22 ya waliokatwa kope nzima, na kwa asilimia 13 ya waliokatwa kwa ndani. Tofauti si ndogo. Na hii ya pili haiachi kovu usoni, jambo ambalo mwanamke angelitaja la kwanza na ripoti inalitaja baadaye.

Maana kope inaweza kufaulu kwa hesabu ya nywele na bado mwenyewe asiifurahie. Uzi ukikazwa zaidi upande mmoja, ukingo unabaki na pembe, au umepanda katikati kama pazia lililoshikwa na pini. Madaktari wana jina la kasoro hiyo na wanaiandika kwenye fomu. Lakini aliyekaa karibu na mwanamke kama huyo kwenye shughuli, akamwona anavyovuta mtandio ukafika kwenye nyusi, anajua kwamba fomu haijamaliza. Huyo akirudi kijijini ndiye tangazo la operesheni. Majirani zake hawasomi asilimia; wanamtazama usoni.

Linganisheni na kinachotokea kwa anayelipa. Mwaka 2009 na 2010 watafiti wawili, Andrea Pusic wa Marekani na Anne Klassen wa Canada, walianza kuleta hojaji ambazo zinamwacha mgonjwa aseme mwenyewe. Ya uso inaitwa FACE-Q. Si swali moja la umeridhika au hukuridhika. Ni mizani nyingi, kila moja inatoa alama kutoka 0 hadi 100: unayaonaje macho yako, unajionaje unapokutana na watu, kupona kulikuwaje, unajutia uamuzi wako au la. Maswali yalichotwa kwa wagonjwa wenyewe, kwa mazungumzo, kabla ya kuandikwa. Ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa kabla yake daktari wa urembo alikuwa akibandika picha ya kabla na ya baada na kujipa maksi mwenyewe.

Kwa hiyo mwanamke aliyekata kope ili apendeze kwenye picha anaulizwa maswali kurasa kwa kurasa kuhusu furaha yake. Mwanamke wa Ugogo aliyekata kope ili asipofuke alikuwa akimulikwa tochi na kuhesabiwa nywele. Hali imeanza kubadilika: Ethiopia, wagonjwa wa operesheni waliulizwa kuhusu maisha yao kabla na mwaka mmoja baada, na maisha yao yalionekana kuwa mepesi zaidi, hata kwa ambao nuru ya macho haikuongezeka. Lakini mwanzo wa habari ulikuwa huo, na sioni sababu ya kuupamba.

Tulirudie la nia. Katika hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyo kwa Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wanaochanja, wanaonyofoa na wanaotenganisha meno kwa ajili ya uzuri, wakibadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Imam Nawawi, akiisherehesha, alisimama kwenye maneno hayo ya kwa ajili ya uzuri, akasema mwenye kuhitaji kwa tiba au kwa aibu ya jino hana ubaya. Karne nyingi baadaye, Julai 2007, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa lilikutana Putrajaya, Malaysia, na kutoa azimio namba 173 juu ya upasuaji wa kurekebisha na kupamba. Kurejesha umbo na kazi ya kiungo, kurekebisha kasoro ya kuzaliwa kama mdomo uliopasuka, kuondoa athari za moto, ajali na maradhi, hata kuondoa kasoro inayomletea mtu dhiki ya nafsi, hayo wameyaruhusu kwa masharti yake. Kubadilisha umbo la kawaida kwa kufuata matamanio na kuiga watu wamekuzuia, na katika mifano wakataja pua, midomo, mashavu na umbo la macho.

Basi mwenye kope zilizogeuzwa na trakoma yuko upande wa ruhusa bila ubishi. Nasisitiza kwa sababu nimesikia wanawake, bara na visiwani, wakitishwa kwa neno la kubadilisha maumbile na watu ambao hawajawahi kuona kope iliyogeuka. Operesheni hii inairudisha kope pale ilipoumbwa. Na anayehofia ibada, jicho likifungwa bandeji anapaka maji juu ya bandeji wakati wa udhu kama tunavyofundishwa kwenye jeraha lolote, mpaka itolewe. Ama kope zilizolegea kwa umri, ikiwa zinaziba kuona ni mlango mmoja, na ikiwa ni kwa ajili ya picha za harusi ni mlango mwingine. Bibi harusi wa miaka 24 anajua yuko kwenye mlango upi. Nami sitamjibia.

Kwa yule anayetaka kumshawishi mkubwa wake, ushauri wangu si wa dawa. Usianze na upofu. Ameshatishwa nao vya kutosha. Muulize anachokiogopa. Pengine ni kovu: basi ulizeni hospitalini, Kilimatinde au Dodoma, ni mbinu ipi inatumika, ya kukata kwa nje au kwa ndani, na muombe kumwona mtu aliyefanyiwa hapo mwaka uliopita. Pengine ni nani atapika siku jicho moja limefungwa: hilo mkwe mpya anaweza kulimaliza kwa kwenda kukaa siku 3. Pengine alifanyiwa jirani nywele zikarudi, naye amekata tamaa: mwambie ukweli, kwamba zinaweza kurudi, na kwamba huweza kurudiwa. Na kila mtu nyumbani awe na kitambaa chake cha uso na kijiti chake cha wanja, hata kama ni wanja wa ithmid uliotoka Makka. Sunna iko kwenye wanja, si kwenye kuchangia kijiti.

Kuhusu kunawa, Kongwa nayo ilikwisha kuonyesha. Mwaka 1995 kilichapishwa kwenye jarida la Lancet kipimo cha vijiji 6: watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walikuwa na trakoma kali kidogo kuliko wenzao. Ila kunawa kunataka maji, na ndiyo maana Kintinku wamezungumzia sana mradi wa maji wa Kintinku–Lusilile, uliokusudiwa vijiji 11. Bomba likifika karibu na mlango, mjukuu ananawishwa bila bibi kupiga hesabu ya ndoo.

Nimalizie na Oman, kwa kuwa nusu ya wasomaji wa hapa wana ndugu huko. Novemba 2012 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Oman kuwa nchi ya kwanza duniani kuiondoa trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Kipimo upande wa kope ni hiki: wenye kope zilizogeuka wasiojulikana na huduma za afya wawe chini ya watu 2 katika kila watu 1,000 wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Angalieni neno hilo, wasiojulikana. Aliyepewa tarehe ya operesheni anajulikana, hivyo hahesabiwi. Aliyefanyiwa na nywele zikarudi anajulikana, hahesabiwi. Na aliyeambiwa, akakataa, akaandikwa kwenye daftari kwamba amekataa, naye anajulikana. Siku nchi yoyote itakapothibitishwa, mwanamke huyo atakuwa bado na kibano kwenye pindo la kanga, na hatakuwemo kwenye hesabu.